Salamu za Tokuji

Pokko amenichosha. Naomba mtu asiniambie tena kwamba dude lile linanipenda, maana wauguzi wa nyumba hii ya wazee hapa Sakata wanalisifia utadhani mjukuu wao. Ni roboti yenye kimo cha mtoto wa chekechea, na kazi yake ni kuzunguka vyumbani mwetu sisi wazee, kutupima joto na kuangalia nani kaanguka. Likiingia linainamisha kichwa kwa adabu. Adabu yenyewe inaishia hapo.

Mimi kila asubuhi humsalimia marehemu mume wangu. Picha ya Tokuji iko kwenye kabati lake dogo la kumkumbukia, chini karibu na mkeka, kama ilivyokuwa nyumbani. Namwekea wali na chai, nagonga kengele yake, kisha napiga magoti na kuinama mpaka paji la uso linagusa chini.

Basi dude likinikuta hivyo, king'ora. Jengo zima linatangaziwa kwamba Bibi Hisano kaanguka, wauguzi wanakuja mbio na machela, na mimi niko katikati ya kumweleza mume wangu habari za theluji. Kesho yake vilevile. Meneja, Bwana Ogata, akashauri kabati lipandishwe ukutani, nimsalimie Tokuji nikiwa nimekaa kitini. Nikaja juu. Hivi mume wangu ni karani wa posta? Mwishowe Manami, binti anayenihudumia, akalifundisha dude: Bibi akiwa chini mbele ya kabati, kaa kimya.

Nikapata raha yangu. Halafu asubuhi moja, wakati nainuka, mguu ukakataa nikaanguka kiubavu palepale mkekani. Nyonga ikavunjika na sauti ikanikauka. Pokko likaingia, likanitazama ninavyogaagaa, likainamisha kichwa.

"Samahani kwa kukusumbua," likasema, likatoka.

Jamani, hasira nilizokuwa nazo zilishinda maumivu. Ilinibidi nijiburute kwa viwiko mpaka mlango wa choo, mbali na kabati, nisubiri lirudi ndipo likubali kwamba sasa nimeanguka.

Nyonga imetiwa chuma. Daktari kasema kupiga magoti ndiyo basi tena, na hilo ndilo lililoniliza, si kisu chake. Nani atamsalimia Tokuji? Niliporudishwa chumbani nikalala siku nzima nimegeukia ukuta. Kulipokucha nikamwambia Manami alisukume lile dude mbele ya kabati, si linajua kuinama? Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini akanigongea kengele na kulisukuma.

Likainama vizuri, siwezi kulinyima haki yake. Kisha likaukazia macho uso wa Tokuji pale pichani. Likapima. Likapima tena.

"Joto la mwili halipatikani," likatangaza. "Naita msaada."

King'ora kikalia. Wauguzi wakaja mbio na machela, Bwana Ogata nyuma yao akiwa na kiatu kimoja, wote wakabaki wanaitazama picha. Manami alikuwa anapapasa mgongo wa dude atafute pa kulizimia, huku akiniomba radhi mfululizo.

"Liache, mwanangu," nikamwambia. "Siku Tokuji anakata roho niliita mpaka nikakaukiwa sauti. Theluji ilikuwa imeziba njia, hakuja mtu."