Kibao cha Kusomea Ghalani kwa Jairo

Mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Ukimshukuru mtu kupita kiasi anaanza kukuchungulia mpaka jikoni. Lakini kwa hili nitashukuru mpaka mnichoke, na asiyetaka kusikia ajiondokee mapema.

Naitwa Roda, mwalimu mstaafu, nakaa Chapwa, hapa hapa Tunduma. Mume wangu alitangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na maisha yao. Nilipostaafu, badala ya kukaa nyumbani nigombane na kuku, nilianza kwenda ghalani kwa Jairo, mfanyabiashara wa maharage. Maharage yanakuja pale kwa magunia kutoka Ndalambo na Mbozi, na akina mama wanakaa chini kwenye maturubai, ungo mapajani, wanayachambua kabla hayajapakiwa kwenye malori. Kazi ile inavunja mgongo na kuchosha akili. Siku moja nikaenda na kitabu cha hadithi, nikawasomea kwa sauti. Kesho yake nikakuta wamenitengea gunia la kukalia. Ikawa hivyo miaka na miaka: wao wanachambua, mimi nasoma, mchana tunakula ugali pamoja. Jairo alinuna mwanzoni, kisha akaona watu hawatoroki tena kabla ya muda, akanyamaza. Wakati mwingine alisimama mlangoni akijifanya anakagua magunia, kumbe anasikiliza.

Basi macho yakaniasi. Daktari wa Mbeya alinimulika weee, akaniambia katikati ya jicho panakufa taratibu na miwani haitasaidia. "Maandishi makubwa utaendelea kuyaona kwa muda, mama. Baadaye siwezi kukuahidi." Nikamwambia asante kwa hasira, nikapanda basi nikarudi.

Nilijaribu kuwadanganya wenzangu. Nilishika kitabu wazi nikawa natunga kutoka kichwani. Bushra, aliyekuwa akikaa karibu yangu kuliko wote, akaweka ungo chini. "Mwalimu, samahani. Huyu bwana harusi si tulimzika juzi?"

Ghala zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini nilipofika nyumbani nililia kama mtoto, na kesho yake sikwenda. Wala kesho kutwa. Nilijiambia, Roda, wale wanawake walikutaka kwa kusoma. Kusoma kumekwisha, sasa unaenda kuwaongezea mdomo wa kula ugali?

Ndipo Bushra akaja Chapwa na mumewe Masudi. Huyu Masudi ni dereva wa lori, anapiga safari za Dar na Lusaka, mtu mpole kuliko kazi yake. Alinikabidhi kitu chembamba cha rangi ya kijivu, hakizidi daftari.

"Kibao cha kusomea vitabu, Mwalimu," akasema. "Mzungu mmoja Lusaka alikuwa anahama, anauza vyombo vyake vyote kwa bei ya kutupa. Nilimwuliza hiki kinafanya nini. Akanionyesha kwamba unaweza kukuza herufi unavyotaka."

"Mimi si mtu wa kuonewa huruma, Masudi."

"Hakuna aliyekuonea huruma," Bushra akadakia. "Tunataka hadithi zetu. Wewe ndiye uliyezikatisha, wewe ndiye utakayezimalizia. Bonyeza hapo."

Nikabonyeza. Masudi akakuza herufi, akakuza tena, mpaka kioo kikabaki na maneno machache tu. Na mimi nikayaona. Yalikuwa ya Kiingereza, yanahusu hali ya hewa, lakini niliyaona, jamani, moja moja, meusi ti! Nikasema nina kazi jikoni, nikaingia ndani nikafuta machozi kwa upande wa kitenge.

Kibao kilikuja uchi, hakina waya wa chaji wala kava. Hapo ndipo nilipojua nina watu. Bushra, ambaye jioni huuza vifaa vya simu kwenye meza yake karibu na mpaka, alijaribisha nyaya zake zote mpaka akapata moja ya simu ya kawaida iliyoingia vizuri. Habibu, fundi anayeshona maturubai ya malori, alinishonea kava kwa kipande cha turubai, ndani akaweka sponji ya godoro. Lile kava ukiliangusha linadunda. Mama mmoja wa Kamsamba akaleta kifuko kikubwa cha plastiki cha kufunga kwa kubana, akasema vumbi la maharage litaingia kwenye mashine. Nilimbishia, nikijua kioo hakitasikia kidole kupitia plastiki. Kikasikia. Nikamwomba radhi, na mimi huwa siombi radhi hivi hivi.

Tatizo likabaki vitabu. Lusungu, dada mwenye kafe ya intaneti pale karibu na mpaka, alinishushia vitabu vya bure, vya Kiingereza, vya zamani za kale. Nikarudi ghalani nikawa nasoma na kutafsiri papo hapo. Mtumee! Kurasa na kurasa watu wanakunywa chai na kuulizana habari za shangazi. Siku ya pili mama mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa watu hawana shamba?" Siku ya tatu wakaanza kusinzia juu ya nyungo.

Lusungu akatafuta tena, bila kuchoka, Mungu amzidishie. Akapata duka moja la vitabu la Dar linalouza hadithi za Kiswahili za kusomea kwenye vibao kama changu, na lilikuwa na ofa: furushi zima la riwaya kwa bei ya kitabu kimoja. Ofa inaisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Akina mama wakachanga. Mimi sikuwaomba, walizungusha ungo wenyewe. Jairo naye akatumbukiza chake, akisema ni kwa sababu watu wakilala kazi hailali.

Ijumaa hiyo Jairo alichelewa kulipa watu, kwa hiyo mchango ulitimia mchana umeshakwenda. Tukatoka mimi na Bushra. Mvua ilikuwa imefunga anga, hakuna jua la kukadiria. Tulipofika jirani na mpaka nikampa Bushra simu yangu anisomee saa, kwani kwenye namba hakuna anayemshinda.

"Kumi kasoro," akasema. Kisha akasita. "Ya kwetu au ya kwao?"

Mgeni hawezi kuelewa swali hilo, lakini Tunduma tunaulizana kila siku. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na ukikaribia mpaka simu inaweza kudaka mtandao wa Nakonde, mji wao wa ng'ambo, saa ikageuka yenyewe bila kukupa taarifa. Watu wamekosa mabasi kwa ajili hiyo. Bushra mwenyewe mwezi wa Ramadhani hathubutu kufuturu kwa saa ya simu.

"Ya kwetu!" nikamkaripia. "Simu hii inalala Chapwa, inaamka Chapwa. Zambia inaijulia wapi?"

Bushra akanirudishia simu. Ukiwa umefundisha watu miaka mingi, wanakuogopa hata unapoongea upuuzi. Tukatembea taratibu, tukasimama kununua mahindi ya kuchoma, tukasalimiana na huyu na yule. Kwa Lusungu tukamkuta anampiga mteja picha za pasipoti, nikamwambia amalize tu, muda tunao. Saa ya kompyuta yake haikuweza kutuokoa, maana betri yake ilikufa zamani na siku zote inadai ni mwaka mwingine kabisa.

Lusungu akafungua ukurasa wa duka. Akautazama. Akaufungua tena.

"Mwalimu, ofa imefungwa."

"Haiwezekani! Bado hata kumi na moja haijafika!"

Akachukua simu yangu, akaangalia juu ya kioo, penye jina la mtandao. "Mwalimu, simu yako iko Nakonde."

Nilimgombeza Lusungu kwa picha zake za pasipoti. Nikaigombeza Zambia nzima. Nikamgombeza Bushra kwa nini hakusisitiza, naye masikini akasimama tu na gunzi lake mkononi. Mwisho nikakosa wa kumgombeza, nikakaa kwenye benchi. Bei ilikuwa imerudi ya kawaida, na mchango wetu haukuifikia hata kwa mbali. Wanawake wale walikuwa wametoa walichovunjia mgongo, na mimi nimewapotezea ofa kwa kiburi cha simu kulala Chapwa. Nilimwambia Bushra awarudishie hela zao. Nikamwambia pia asinipitie tena asubuhi.

"Sirudishi," akasema Bushra. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Na asubuhi nitakupitia. Jumapili Masudi anaondoka na mzigo kwenda Dar. Duka si lina mlango? Ataingia na kibao mkononi awaelezee kwa mdomo."

Kumpa mtu kile kibao! Mngejua nilivyokuwa nalala nacho karibu na mto. Kikidondoka, kikiibwa, kikilowa, ndiyo basi, kusoma kumeniaga duniani. Lakini niliwatazama macho wale wawili, Bushra na Lusungu, nikaona aibu kuwanyima. Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja nikamkabidhi Masudi kibao, na Bushra akampa ule mchango. Nilimwambia akikaribia maji akiweke juu, akilala akiweke chini ya kichwa, na asimpe mtu yeyote akishike. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Natotela, mayo," akanijibu kwa Kibemba cha barabarani, yaani asante mama, na kwa jinsi alivyoinama nilijua amenielewa.

Akakawia. Simu yake haikupatikana. Mara tukasikia malori yamekwama mizani, mara daraja, mara foleni. Nilikwenda ghalani kila asubuhi kwa sababu Bushra alinipitia kama alivyoapa, nikachambua maharage kwa kupapasa. Hakuna aliyeniuliza habari za hadithi. Huruma yao ilinichoma kuliko kicheko cha siku ile.

Kisha Masudi akaingia ghalani, vumbi mpaka kope, lile kava la turubai amelikumbatia kifuani. Akatusimulia akiwa wima. Dada mmoja wa dukani alikuwa amekataa katakata, ofa ni ofa, imekwisha imekwisha. Masudi akamweleza kuhusu ghala, na macho yangu, na simu iliyohamia nchi ya watu. Kufika kwenye simu dada akacheka mpaka akamwita bosi wake aje asikie. Bosi akauliza, "Yaani kwa saa ya Zambia walikuwa bado hawajachelewa?" Masudi akajibu kwamba kwa saa ya Zambia walikuwa wamewahi kabisa. Bosi akasema basi tuwauzie kwa saa ya Zambia. Wakachomeka kibao kwenye kompyuta yao, wakajaza furushi zima.

Vigelegele! Jairo alikuja mbio akidhani gunia limemwangukia mtu. Nilimshika Masudi mikono yote miwili, mimi nisiyejua kushukuru, nikamwambia Mungu akulinde barabarani, mwanangu, wewe na matairi yako yote.

Nikakaa kwenye gunia langu. Nikakuza herufi mpaka mwisho, nikaanza. Ilikuwa hadithi ya binti aliyerudi kwao baada ya kupotea miaka mingi. Nilisoma polepole, maneno sita, nabonyeza, maneno sita, nabonyeza. Nilikuwa na woga kwamba watachoka, lakini nyungo zikawa zinapepeta kimyakimya na hakuna aliyekohoa. Binti akafika kijijini. Akaiona nyumba. Akagonga, na mlango ukafunguka, na mbele yake akasimama…

Nikabonyeza. Nikatazama. Hakuna neno. Ukungu ulikuwa umetua katikati ya jicho, palepale daktari aliposema. Nikageuza kichwa kushoto, nikageuza kulia. Hakuna.

"Akasimama nani?" mtu akauliza.

"Ngojeni."

Wakangoja. Nilielewa kwamba hii haitakuwa mara ya mwisho, itakuwa hivi na kuzidi hivi, na iko siku nitabonyeza na herufi hata zikiwa kubwa kama ghala sitaziona.

"A-ka-si-ma-ma," sauti ikasema sikioni mwangu. "Ma-ma… ma-ma-ye."

Ilikuwa ya Bushra. Bushra aliyeachishwa shule kabla hata hajajua kuandika jina lake, ambaye barua za Masudi nilikuwa namsomea mimi. Ungo ulikuwa umemteleza mapajani na maharage yamemwagika, na uso wake ulikuwa umeinamia kioo mpaka unagusa bega langu.

"Nani amekufundisha?" nikamwuliza kwa ukali.

"Si wewe? Miaka yote hii nakaa hapa nafuata kidole chako." Aliona haya, sauti ikashuka. "Kwenye vitabu vile vingine maneno yalikuwa madogo na mengi, yananikimbia. Haya machache yananisubiri."

Nilikiinua kibao kutoka mapajani mwangu, nikakiweka mapajani mwake, nikamshika kidole nikakipeleka penye kubonyeza.

"Soma tena kuanzia mwanzo wa sentensi," nikamwambia. "Na kwenye nukta upumzike."

Akasoma. Alijikwaa, akarudia, akasoma. Nikavuta ungo wake kwangu nikaanza kuokota maharage yaliyomwagika, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale, nikasikiliza pamoja na wenzangu kujua mama yule atamwambia nini binti yake.