Ubeti Nilioukosea Iringa

Mzee Saulo alikuwa bado hajamaliza kulisoma jina langu, nami tayari nilijua nimekwisha.

"Mwi... mba... ji," alisoma, kidole chake kinene kikisukuma silabi moja moja kwenye gazeti. "Mwimbaji. Le... a. Lea. Mwa... ka..." Akanigeukia. Tulikuwa tunakaa dawati moja, magoti yetu yamebanwa chini ya ubao uliochongwa kwa ajili ya watoto.

"Malizia, Mzee," alisema Mwalimu Timotheo, ambaye mwenyewe alikuwa hajaisoma habari ile. "Tunakusikiliza."

Akamalizia. Siku hiyo alisoma vizuri kuliko siku zote. Darasa zima la watu wazima likasikia kwamba bendi ya Loleza Jazi kutoka Mbeya ilipiga densi Iringa Jumamosi alasiri, kwamba ukumbi ulijaa hadi madirishani, na kwamba mwimbaji wake, Lea Mwakasungula, aliukosea ubeti wa pili wa rumba ya mwisho. Chini ya habari palikuwa na jina la mwandishi. Lilikuwa lile lile.

Ilikuwa mwaka 1957. Nikisimulia leo, wajukuu wa jirani hucheka: mtu gani anajishtaki mwenyewe gazetini? Lakini nilijifunza kuandika nikiwa na miaka thelathini na mbili, na Mwalimu Timotheo alitufundisha kwamba habari ni kweli yote, na jina la mwandishi chini. Niliyashika maneno hayo kama nilivyozishika Amri Kumi.

Kwetu ni Karonga, Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Nilivuka mto Songwe nikimsindikiza mume wangu mpaka Mbeya, alikopanda ndege ya kampuni iliyochukua vibarua wa migodi ya Afrika Kusini. Aliniambia nisubiri barua. Nikapata kazi ya kufua katika hoteli ya Wazungu, na kwa kuwa sikujua kusoma, nikajiandikisha darasa la jioni la kanisa letu, ili barua ikija nisisomewe na mtu mwingine. Barua haikuja. Kusoma kulikuja.

Kuimba kulinikuta kwenye kamba za nguo. Mrisho, fundi cherehani aliyeshona mashuka ya hoteli, alinisikia nikianika huku naimba tenzi. Yeye alikuwa mtu wa mjini, babu yake alitoka pwani, na tarumbeta lake, alilolipiga katika Loleza Jazi, lilijulikana mpaka Tukuyu.

"We Mnyasa," akasema, "sauti yote hiyo unayaimbia mashuka?"

Basi ndivyo nilivyoishi. Asubuhi sabuni na maji baridi. Mchana, siku za zamu fupi, mazoezi na Loleza Jazi katika ghala la mahindi kule Uyole. Jioni darasa. Na katikati ya hayo, juu ya meza ya kupigia pasi, niliandikia gazeti moja la Dar es Salaam: bei ya pareto, ng'ombe aliyetumbukia kisimani, daraja lililochukuliwa na mafuriko. Sikuwa mwajiriwa wao. Habari isiyochapwa haikulipwa, hata stempu. Nyingine zilichapwa, nyingine zilipotea kama mume wangu.

Siku nne baada ya Mzee Saulo kulisoma jina langu, baraza la wazee wa kanisa liliniita. Yeye alikuwa mmoja wao. Alikaa pembeni, anaangalia kofia yake.

Kanisa letu lilihesabu densi kuwa dhambi, na desturi yake ilikuwa hivi: aliyekosa alisimama Jumapili mbele ya watu, akasoma toba aliyoandikiwa na baraza, akasamehewa. Aliyekataa alikwenda benchi la nyuma, bila Meza ya Bwana, mpaka siku atakapokubali. Akifa kabla ya hapo, kengele haikupigwa wala jeneza halikuingia kanisani.

Mzee Kalinga, mwenyekiti, alinipa karatasi. Ilikuwa na mistari miwili. Naacha jazi. Naacha gazeti.

"Gazeti limekosa nini?" nikauliza.

"Ndilo lililotutangaza."

"Mimi ndiye niliyejitangaza, Mzee."

"Mama Lea." Sauti yake haikuwa na ubaya. "Wewe ni mgeni. Huna mume hapa, huna kaka. Ukifa kesho, nani atakuzika? Sisi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Siku tatu nilisali kati ya mashuka mabichi, mahali ambapo mtu huonekana miguu tu. Nilimwomba Mungu aniondolee kimoja: kuimba, au kuandika, au ule uoga wa kuzikwa na watu nisiowajua. Aliniondolea cha tatu.

Mrisho aliniona macho mekundu. "Njoo kwetu," akasema. "Sisi hatuna benchi la nyuma. Wote tunakaa chini."

"Na imamu wako anajua habari za tarumbeta?"

"Imamu hasomi gazeti, dada yangu."

Nilicheka hata nikaangusha vibanio.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilisimama mbele, nikaikunja karatasi ya baraza, nikafungua daftari langu. Nikasoma.

"Mimi Lea Mwakasungula nimeimba jazi, nami nitaimba tena. Mungu alinipa sauti moja. Hakunipa ya Jumamosi na nyingine ya Jumapili. Nimeandika gazetini, nami nitaandika tena, maana kanisa hili ndilo lililonifundisha kalamu. Kosa nililolifanya Iringa ni la ubeti wa pili, na hilo nimekwisha kulitubu mbele ya nchi nzima."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajikohoza. Mzee Kalinga alisimama kuonyesha benchi la nyuma, lakini mimi nilikuwa njiani tayari. Njia ile ilikuwa ndefu. Mama mmoja aliyenizoea aliivuta sketi yake nilipopita, nisiiguse.

Wakaanzisha wimbo. Waliuanza juu mno, na kufikia ubeti wa pili watu walikuwa wamekwama, wanahema. Nikaushusha kutoka kule nyuma, peke yangu, mpaka kwenye sauti inayoimbika. Kanisa zima likanifuata. Hakuna aliyegeuka.

Nilikaa benchi lile miezi kumi na mmoja. Sikuisoma ile karatasi, wala hakuna aliyekuja kunirudisha. Kisha siku moja walinipitishia mkate wa Meza ya Bwana, na nikala nikilia. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumatatu ya kwanza.

Nilifika darasani nimechelewa kwa makusudi, nikitafuta pa kukaa. Madawati yote yalikuwa na watu wawili wawili, isipokuwa moja. Mzee Saulo alinitazama, akasogea, magoti yake yakigonga ubao.

Nikaketi. Hatukusalimiana. Alilifungua gazeti lile lile, lililokwisha kulegea kwa kukunjwa, akatafuta mstari, akaweka kidole.

"Mama Lea," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile hapa nilipita haraka. Neno gani hili?"

"Lisome, Mzee."

Akainama. "Ru," akasema. Akapumua. "Ru... mba."

"Ndilo."

Akalirudia kimya, midomo tu ikitembea, na chini ya dawati nikasikia mguu wake mmoja ukigonga sakafu, taratibu, mara mbili.