Mama wa Pangoni

Fundi cherehani hakuwahi kumwona mbwa mwitu maishani mwake, lakini kufikia mwezi huo alikuwa anawajua kama majirani. Binti yake, ambaye yeye mama humwita Profesa ingawa bado ni mwanafunzi, alikuwa anaandika tasnifu ya kulinganisha mbwa mwitu wa riwaya za Wakazaki na wale wa riwaya za Wamarekani. Kila mchana alikuja dukani na kurasa zake, akasoma kwa sauti huku mama akishona. Walikuwa na utaratibu wao: cherehani ikisimama, sentensi ina kasoro, na Profesa anaikata bila ubishi.

Siku hiyo alianza na riwaya ya Mmarekani. Bwana mmoja kapanda mlima, kamwona mbwa mwitu peke yake juu ya jabali, akauonea wivu uhuru wake. Cherehani iliendelea kunguruma. Akaja kwenye ya Mkazaki, ambako mbwa mwitu ni jike, mzazi, karibu ndugu wa watu wa nyika ile. "Wawindaji walipokaribia," akasoma, "mama huyu aliwatelekeza wanawe pangoni, akakimbia."

Cherehani ikasimama. Profesa akachukua kalamu aikate aya nzima.

"Iache," mama akasema. "Sentensi haina neno. Ila nisomee kitabu chenyewe, siyo maneno yako."

Profesa akafungua riwaya shingo upande. Mbwa mwitu yule alitoka mchana kweupe, akakatiza mbele ya bunduki ili wamfuate yeye.

"Sasa huko ndiko kutelekeza?"

"Hakurudi, mama. Wale watoto wangejuaje?"

Mama alimwacha binti huyu kwa bibi yake akiwa na miaka minne, akaenda kushona kiwandani, mji wa mbali. Aliporudi, mtoto ana miaka tisa na anamwamkia kama mgeni. Hawakuwahi kulizungumza. Na sasa neno lile litapigwa chapa, litiwe jalada, likae maktaba watu walisome. Aliogopa kwamba ndivyo mwanawe alivyomhukumu siku zote.

"Na huyo bwana wa mlimani," akasema hatimaye, "kajuaje kama mnyama yuko huru? Kamwona kwa mbali tu. Hakujiuliza katoka wapi, kaacha nani." Akaupapasa mkasi bila kuuinua. "Kiwandani walikuwa wananiona hivyo hivyo. Mwanamke hana mtoto, hana shida. Kumbe kila mwisho wa mwezi nakushonea gauni."

Profesa aliyakumbuka magauni yale yaliyotumwa. Bibi aliyageuza foronya.

"Hakuna hata moja lililonienea," akasema. "Nilidhani umesahau nina miaka mingapi."

"Miaka nilikuwa naihesabu vizuri sana. Lakini nikishika kitambaa namwona yule niliyemwacha mlangoni, ana urefu huu." Akaonyesha kwa kiganja, chini kidogo ya meza. "Nilishindwa kumrefusha."

"Nilikusubiri pale mlangoni, mama. Siku nyingi."

"Najua, mwanangu. Bibi yako aliniambia. Nisamehe."

Profesa akateremka kitini, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, juu ya vipande vya nguo ya mteja, akalia. Mama akamwacha alie mpaka atosheke, mkono wake ukiwa kichwani mwa mtoto.