Kuisemesha Runinga

Maximilla hakuwa na subira na vipindi vya kuchekesha. Mtu akianguka matopeni, wanacheka. Mwanamume akivaa gauni la mkewe, wanacheka. Na kicheko chenyewe ni cha mashine, maana hakuna binadamu anayecheka hivyo bila hata kukohoa. Tamthilia alizipenda, lakini kwa masharti. Wanawake wa humo huamka wakiwa wamejipodoa tayari, na hajawahi kumwona hata mmoja akisugua sufuria. Na yule mtangazaji wa kipindi cha usiku, ambaye humsikia tu kupitia ukutani, ana ugonjwa wa kuwakata wageni kauli. Anamtoa mtu kwao, anamkalisha pale, kisha maswali anayajibu mwenyewe.

Hayo yote alimwambia binti yake Nanzala, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia. Tangu ateleze na kuvunjika nyonga, alitolewa katika vyumba vyake viwili vya kupanga kule Kimumu akaletwa hapa Elgon View, nyumbani kwa mkwe. Tuseme ukweli: mama wa Kibukusu mwenye akili zake timamu halali kwa mkwe wake. Mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, sembuse kuongea. Lakini nyonga haijui mila, na Nanzala alishikilia kwamba ni kwa muda tu.

Basi nyumba ikagawanywa kwa saa. Mchana sebule yenye runinga ilikuwa ya Maximilla. Jioni honi ikilia getini, alinyakua magongo yake akajikokota hadi chumba cha nyuma, na Mulongo, mkwe wake, akaingia kukalia kiti ambacho bado kilikuwa na joto lake. Ndiyo maana hakuwahi kuona mwisho wa tamthilia yake. Aliusikilizia ukutani: mlango umebamizwa, mtu analia. Ni nani analia? Anajua Mungu.

"Nirudishe kwangu," alimwambia Nanzala kila asubuhi.

"Wiki ijayo, Mayi. Hiyo mguu ipone kwanza."

"Mguu imepona. Ni mimi naoza."

"Wiki ijayo."

Simu yake ilivunjika siku ile ile ya kuanguka, na mpya nayo ilikuwa ya wiki ijayo. Geti lilikuwa na kufuli, na askari wa getini aliagizwa asimfungulie mama mgonjwa. Maximilla alihesabiwa kuwa mtu mwenye bahati, anakula vizuri, analala penye godoro nene, na alikuwa akikosa pumzi. Alichotaka si kikubwa: mlango anaoufunga kwa mkono wake, na yule kuku wake mwekundu aliyemwachia jirani, kuku mkorofi aliyezoea kulala chini ya kitanda chake.

Chakula kweli alikula vizuri. Jumapili Nanzala alimletea kuku chumbani kwa ugali wa wimbi, naye akatuma shukrani hadi kwa mwenye nyumba. Mwambie, alisema, huyu si wa kununuliwa dukani, huyu alilelewa na mtu.

Jumanne Nanzala akaenda mazoezi ya kwaya. Tamthilia ilikuwa imepamba moto: mwanamke mzee ameletwa mjini na mwanawe tajiri, amekaa kwenye kiti cha thamani, analia. Honi ikalia. Maximilla akapapasa magongo. Moja likateleza likaingia chini ya kochi. Akajaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Mlango ukafunguliwa.

"Aa!" Mulongo alisema alipoona kichwa chenye mvi juu ya mgongo wa kiti, akarudi nyuma kama aliyeungua.

Maximilla akajifunika leso usoni. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya Eldoret yenye mawe, na Mulongo akabaki amesimama barazani, karibu na dirisha lililo wazi. Yeye hawezi kuingia, mama hawezi kutoka. Runinga ikaendelea.

Hapo Maximilla akapata wazo, akashangaa kwa nini hakulipata mapema. Mila inamkataza kusema na mkwe. Haimkatazi kusema na runinga.

"Wewe mama," akaiambia, kwa sauti ya kufika dirishani, "unalia nini? Si umwambie huyo mwenye nyumba. Mwambie umeshukuru kwa chakula, umeshukuru kwa kitanda, sasa akurudishe kwako kesho asubuhi na gari yake."

Mtu akasafisha koo barazani. Mulongo naye alikuwa mtu wa kuheshimu mila.

"Huyo mwenye nyumba angempeleka hata leo," akaiambia runinga, polepole. "Lakini huyo mama kuna kitu hajaambiwa. Bibi ya mwenye nyumba, binti ya huyo mama, alirudisha hizo vyumba zake mbili kwa landlord mwezi jana. Watu wengine wameshaingia. Vitu zake ziko kwa store hapo nyuma. Mwenye nyumba alikataa, hakusikizwa."

Maximilla aliumia. Aliumia kuliko siku ya nyonga, na hakuweza hata kugeuka amtazame aliyemwambia. Maswali makubwa aliyaacha, likatoka dogo.

"Na kuku yake?" akaiuliza runinga. "Ile nyekundu?"

Barazani viatu vikasogea. Tamthilia ikafika mwisho wake, majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye kioo, na Maximilla, ambaye hakuwahi kufika hapo, hakuona kitu.

"Huyo mama," ikasema sauti ya Mulongo, chini kabisa, "Jumapili mwenyewe alituma shukrani."