Uji wa Ghorofa ya Kumi na Nane

Uji wa mchele na kuku, peso mia nane na hamsini. Nanay Pacing aliisoma bei hiyo, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akasoma tena. Bei haikushuka.

"Jovelyn, huyu kuku walimsomesha?"

"We agiza tu, Nay. Leo nalipa mimi."

"Kwa Aling Bebang pale mtaani bakuli peso hamsini, na yai unawekewa!"

Jovelyn alicheka, ingawa alijua zaidi ya mama yake. Miaka kumi amekuwa akiwapelekea wageni chakula vyumbani katika hoteli moja ya Doha, na uji ni uji tu. Kinachouzwa ni kitambaa cheupe, ua moja, kifuniko kinachong'aa, na mtu mzima anayebisha hodi huku ameinama kama mwenye kosa. Juu ya hapo wanakutoza huduma, kisha kodi, kisha ada ya kupandishiwa, utadhani uji umekuja kwa ndege. Ni wizi mtupu, ila umevaa tai. Yote hayo aliyajua, na bado aliutaka. Keshokutwa alikuwa anarudi Doha. Kabla hajaondoka alitaka jioni moja tu mtu mwingine abishe hodi, na yeye awe ndani, ameketi na mama yake. Ndiyo maana alitoa akiba yake akalipia chumba hiki cha ghorofa ya kumi na nane, katika hoteli hii ya Manila.

Akapiga simu, akaagiza mabakuli mawili, akaingia kuoga.

Alipotoka, amevaa fulana kuukuu na kaptula, harufu ilimpokea. Nanay alikuwa ametandika gazeti sakafuni. Juu yake kulikuwa na wali uliopoa, nyanya, na samaki wakavu wa kukaanga, wale anaowaanika mwenyewe kule nyumbani Navotas. Alikuwa amewaficha mkobani chini ya nguo.

"Njoo tule, mwanangu."

"Uji uko wapi?"

"Nimewapigia, nimewaambia waache. Yule binti mpole kweli, hata hakunigombeza." Nanay alijaa furaha ya ushindi. "Nimekuokolea karibu elfu mbili!"

"Nani alikuomba uniokolee, Nay?"

"Hela yako ni jasho."

"Ndiyo, jasho langu! Miaka kumi nawahudumia mama za watu. Wangu mmoja, sinia moja, unanikatalia!"

Nanay alirudisha tonge chini. Hakuelewa kosa lake. Maisha yake yote kumpenda mtoto kulikuwa ni kumpunguzia gharama. "Basi niwapigie tena?" aliuliza kwa sauti ndogo. Jovelyn alikabwa na hasira, na huruma ikaja juu yake, asijue aanze na ipi.

Hodi ikabishwa. Huenda chakula kimeletwa hata hivyo, alifikiri, akakimbilia mlango. Nje alisimama mwanamume wa suti, beji ya hoteli kifuani, hana sinia wala kifuniko, amekunja pua kwa adabu. Alimtazama kuanzia kandambili hadi fulana.

"Dada, wageni wa jirani wanalalamikia harufu. Bosi wako yupo?"

Chumba kilikuwa kwa jina lake, na kilikuwa kimelipiwa chote. Angeweza kumwambia hivyo na kumfungia mlango usoni. Lakini mwili ulimtangulia: mgongo ukainama, mikono ikakutana mbele ya tumbo, na ile sauti ya Doha ikatoka, laini.

"Anaoga, bwana. Samahani sana. Nitamwambia."

"Mwambie kusafisha harufu hiyo ni peso elfu tano. Na wewe na huyo mwenzako, siku nyingine mkale chini na wafanyakazi."

"Ndiyo, bwana. Asante, bwana."

Akafunga mlango taratibu, bila kelele, jinsi alivyofundishwa. Alipogeuka, Nanay alikuwa anawafungasha samaki wake kwenye gazeti. Alikuwa amesikia kila neno.

Jovelyn akaketi sakafuni, akalifungua tena lile gazeti, akamega wali, akatafuna. Haukushuka.

"Ni tamu, Nay," alisema, kwa sauti ileile aliyomjibia yule bwana mlangoni.

Nanay alipoisikia sauti hiyo, akaanza kulia.