Amplifaya kwa Ajili ya Mama

Siku kaka alipofariki, amplifaya yake nayo iliungua. Waombolezaji walikuwa wengi na mtoa matangazo hakusikika nyuma, nikawaambia wachukue ya kaka. Wakaiunganishia spika sita. Saa tisa alasiri ikatoa moshi. Sikuwa na nafasi ya kuihuzunikia.

Nilianza kuihitaji wiki tatu baadaye. Kaka alikuwa mchomeleaji, lakini spika zetu mbili kubwa alizitengeneza mwenyewe, masanduku na yote, kwa sababu masikio ya mama yalikuwa yanakwisha. Kwenye flashi yake tulikuta rekodi ya dakika kumi na moja akijaribu maikrofoni: "Moja, mbili. Mama, mboga ya leo uliitia chumvi ukiwa umemkasirikia nani?"

Mama alitaka kuisikia. Kwenye simu aliambulia sauti ya mtu tu, maneno hakuyapata. Visikilizi vya kuvaa masikioni alivivua, akasema ndani mna mbu. Na daktari alishatuambia kwamba mwisho wa mwaka hatasikia kitu.

Nikaenda dukani na mjomba. Fundi wa redio akatuwekea amplifaya mbili mezani. Moja kuukuu, nzito, wati sitini. Nyingine mpya, ina taa za bluu, usoni imeandikwa wati elfu mbili.

"Dada, chukua hii kuukuu," fundi akaniambia. "Sitini yake ni sitini kweli. Ile namba pale ni ya kuuzia, si ya kusikilizia."

"Sitini kwa dada yangu?" mjomba akacheka. "Yule radi ikipiga anauliza nani kafunga mlango."

"Mzee, hii ya taa ukiipandisha sauti sana inakwaruza. Ikikwaruza, inaunguza spika."

"Elfu mbili, tuipandishe ya nini?"

Na mimi nilicheka. Nikachukua yenye taa.

Kaka alikuwa na namna yake ya kumwekea mama sauti. Alizungusha kitufe polepole huku akimtazama. Mama akiinua kiganja, basi, imetosha. Nikafanya vivyo hivyo. Mama akakaa mbele ya spika, mikono mapajani. Sauti ya kaka ikajaa sebule, kisha ikaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Niliisikia. Hata maneno ya fundi niliyakumbuka. Lakini mikono ya mama ilikuwa bado mapajani, na midomo yake ilianza kucheza, nikadhani yuko karibu kuyapata maneno. Nikaongeza.

Spika ya kushoto ikapiga mlio mmoja, ikanyamaza. Ya kulia haikumaliza dakika. Chumba kikanuka rangi iliyoungua.

"Mbona unachelewa?" mama akaniuliza. "Washa basi."

Nikamwinamia sikioni, nikamwambia zimeungua. Ilinibidi niseme mara tatu. Akasema kaka yako angezitengeneza kabla ya chai.

Mjomba alirudi dukani peke yake siku iliyofuata. Ile kuukuu ilikuwa imeshauzwa.

Spika ziko kwa fundi, huu mwezi wa nane sasa, zinangoja koili mpya za waya wa ndani ambazo anasema hazipatikani. Daktari ameacha kumpangia mama tarehe za kurudi. Mama nami tunazungumza kwa daftari.