Mapambo ya Kuazima

Zalifa alikuwa amekwisha kata shauri: nyumba yake ya mawe pale Mahajanga, pwani ya Madagaska, ataiuza, ahamie kisiwa cha Nosy Be kwa bintiye aliyejifungua mapacha. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na vyumba vitano kwa mjane mmoja ni vingi mno; hata akipiga chafya, ukuta ndio humwitikia. Enzi hizo mji ulikuwa chini ya malkia wa ufalme wa Boina, biashara imechangamka, na wanunuzi hawakukosekana.

Tabu ilikuwa kaka yake, Useni. Aliposikia kuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka kisiwa cha Nzuwani angekuja na mkewe kuitazama nyumba, akajishika kiuno.

"Dada, nyumba haiuzwi uchi. Mnunuzi hununua kwa macho."

Siku tatu wakapaka chokaa, Zalifa mwenyewe juu ya ngazi, akashuka mweupe hadi kope. Hapo hakuwa na neno. Neno lilikuja Useni alipoanza kuzunguka mtaani akiazima: sahani za kaure kwa huyu, zulia kwa yule, birika la shaba kwa jirani Rukia. Akajaza zidaka zote za ukutani. Kwenye ufa wa ukuta wa jikoni akaning'iniza pazia la hariri.

"Pazia jikoni, kaka?"

"Nyamaza. Ndio mtindo."

Wageni wakaja, Bwana Madi na mkewe Bi Mwanesha, wakakaribishwa zuliani. Useni akatamba: "Vyombo hivi vyote tumerithi kwa babu."

Mara hodi. Ni Rukia. "Samahanini jamani, nimepata wageni. Naomba birika langu."

Hajatoka vizuri, akaingia mwenye zulia, akaanza kulikunja. Bi Mwanesha ikambidi ainue miguu. Bwana Madi akakohoa. Zalifa uso ulimwiva kwa haya, kisha kicheko kikampanda, akashindwa kukizuia.

"Bibi, nisamehe," akasema akijifuta machozi. "Mapambo haya ni ya watu. Changu ni kuta, dari na kisima. Na kitu kimoja zaidi." Akawaongoza jikoni, akalivuta pazia. "Ufa huu una miaka kumi na minane, haujaongezeka hata unene wa ukucha. Ila chumba cha mashariki kinavuja, nisikufiche."

Useni akafumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

Bi Mwanesha akapitisha kidole kwenye ufa. Akaenda kisimani, akachota maji, akayaonja. Akazunguka chumba kwa chumba, safari hii akitazama dari.

"Tumeona nyumba tano mjini humu," akamwambia mumewe, "na kila mwenye nyumba alituapia kuwa yake haivuji. Mimi namtaka huyu."

Wakapeana mikono mbele ya mashahidi jioni ile ile. Useni akabaki akirudisha vyombo mlango hadi mlango, hakumbuki sahani ipi ya nani, wanawake wakimcheka.

"Nilijua tu kuwa ukweli ungetufaa," akasema aliporudi, jasho likimtoka.

Zalifa akamrushia tambara la chokaa, likamnasa usoni, akaendelea kufunga sanduku lake.